Rimidio si tuisheni

Ujumbe umeingia tena kwenye kundi la wazazi: watoto wote wa Gredi ya 4 wafike saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa "rimidio" ya Hisabati, pesa ziletwe Ijumaa. Watoto wote! Hapo ndipo neno lilipopotea.

Rimidio, au ufundishaji rekebishi, ni kumfundisha mtoto upya jambo alilolielewa kombo, baada ya kujua ni jambo lipi. Basi. Asili yake ni Kilatini remedium, yaani dawa. Tuisheni nayo imetoka Kilatini, ila kule ilimaanisha ulinzi. Kumlinda mtoto alfajiri ni sawa, lakini huko si kumtibu. Tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 ipige marufuku tuisheni ya likizo, jina la dawa limekuwa na soko zaidi.

Na dawa hutanguliwa na kipimo. Juzi wangu aliandika 52 − 38 = 26. Nikamuuliza amefikaje hapo. "Nane toa mbili, sita. Tano toa tatu, mbili." Nikampa 40 − 17, akaandika 37 bila kusita. Hakubahatisha, ana kanuni yake, kwamba namba ndogo hutolewa kwenye kubwa, iwe juu au chini. Mrundikie maswali mia, kila linalotaka kukopa kumi atalikosa kwa nidhamu ileile. Dawa yake ni vijiti: vitita vitano vya kumikumi na viwili vya pembeni, kisha afungue kitita kimoja mwenyewe. Tulimaliza kabla chai haijapoa.

Nilipoyasema hayo kundini, mzazi mmoja akajibu kwamba ndiyo maana shule imenunua tableti, watoto wapewe "jaribio badilifu". Hapana. Karatasi ya mtihani ikihamishiwa kwenye skrini inabaki karatasi. Jaribio ni badilifu pale swali linalofuata linapochaguliwa kutokana na jibu lililotangulia: ukipata, linapanda, ukikosa, linashuka, hadi kiwango chako kionekane. Kompyuta huifanya kazi hiyo haraka na kwa hesabu nzito zaidi, lakini wazo lenyewe halihitaji umeme. Huko India, kwenye ASER, upimaji wa kusoma na hesabu za watoto ulioanza 2005, mtahini wa hesabu huanza na kutoa. Mtoto akiweza hupelekwa kwenye kugawanya, akishindwa hurudishwa kwenye kutambua namba. Ni karatasi tu mkononi.

Hata hivyo, jaribio la aina hiyo huonyesha tu mtoto amekwama wapi. Kwa nini 52 toa 38 ikawa 26, bado lazima mtu amuulize.

Nimemjibu mwalimu kwa heshima: pesa nitaleta Ijumaa, ila tuiandike tuisheni. Rimidio ikiwepo, wangu anahitaji ile ya kutoa kwa kukopa tu.