Naloksoni sio unga, na sio methadoni

Juzi mwaloni Kirumba, Mwanza, nimesikia tena, jamaa anamsomea mwenzake simu eti Marekani wameruhusu madawa ya kulevya yauzwe dukani, wote wakaguna. Sio mara ya kwanza, ngoja leo niseme.

Kilichoruhusiwa ni naloksoni, ya kumrudisha mtu aliyezidisha unga (heroini) au kitu chochote cha jamii ya afyuni mpaka pumzi inakata. Unampulizia puani au anachomwa sindano, dakika chache anavuta hewa. Ndo hivyo tu. Kwa gongo au bangi haisaidii kitu.

Mchawi wetu ni hili neno dawa. Kwa Waarabu lilikotoka ni kitu cha kuponya, sisi tukalibebesha kila mzigo, dawa ya meno, dawa ya panya, dawa ya viatu, mwisho na unga nao tukauita dawa za kulevya (na wingi wa dawa ni dawa jamani, hayo "madawa" sijui mnayatoa wapi), sasa mtu akisikia dawa na unga kwenye habari moja anaunganisha anavyojua yeye. Naloksoni hailevyi. Ni ndugu wa morfini, ile dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, kwa umbo, kwa hiyo inawahi kiti kilekile cha unga kwenye ubongo, ila ikishakaa haifanyi kazi yoyote, inaziba nafasi tu, teja anaamka stimu zimekata na arosto (mateso ya kukosa unga) juu, tena kakununia wewe uliyemuokoa.

Methadoni ile wanayoenda kunywa kila siku hospitali ya Sekou Toure ni habari nyingine, ile inamtoa mtu kwenye unga taratibu, miezi na miaka. Naloksoni inaisha nguvu ndani ya saa moja au moja na nusu, na mtu anaweza kuzima tena, kwa hiyo hospitali lazima apelekwe.

Na huko Marekani sheria ya kuiruhusu naloksoni ilikuja kwa sababu cheti cha daktari kinaandikwa jina la mgonjwa, na huyu mgonjwa kashazima, atajipulizia vipi? New Mexico wakaanza 2001, mama au rafiki akaruhusiwa kuitumia bila kushtakiwa, majimbo mengine yakafuata, 2023 ya puani ikaanza kuruhusiwa bila cheti nchi nzima. Unga wenyewe ni kosa kama zamani.

Kwa hiyo kaka yangu wa mwaloni, habari ulisoma ya kweli kabisa, ukiirudia kijiweni sema tu "dawa ya kumuamsha aliyezidisha".