Kabla ya Kununua Mashine: Data za Kidijitali Katika Karakana ya Madirisha

Mwenye karakana ya aluminiamu akija chuoni kwetu kuulizia mitambo ya kisasa, swali lake la kwanza huwa bei. Letu kwake huwa hili: vipimo vya madirisha uliyotoa mwezi uliopita viko wapi? Mara nyingi viliandikwa kwa penseli ubavuni mwa kipande kilichokwisha kukatwa. Vingine viko nyuma ya risiti ya silikoni, vingine kwenye meseji ya WhatsApp kutoka kwa msimamizi wa ujenzi. Karakana ya namna hiyo hata ikinunua mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, leo, kuna mtu atasimama pembeni yake akiilisha namba moja moja kwa kidole, na kasi ya mashine itakuwa kasi ya kidole chake.

Ukilitazama kwa jicho la kompyuta, dirisha ni namba chache na machaguo machache: upana, urefu, aina ya mfumo wa profaili (fito zinazounda fremu), rangi, upande wa kufungukia, unene wa kioo. Vingine vyote hupatikana kwa hesabu. Tuseme katalogi ya mfumo wako wa kuslaidi inasema upana wa kila shata, yaani kipande cha dirisha kinachoteleza, ni nusu ya upana wa dirisha kutoa milimita 12, na urefu wake ni urefu wa dirisha kutoa milimita 74. Dirisha la 1,500 kwa 1,200 litahitaji shata mbili za 738 kwa 1,126. Namba hizi ni za mfano tu, kila mfumo una makato yake, yaani milimita za kutoa. Kutoka hapo programu inaendelea yenyewe: urefu wa kila kipande, mita za raba na brashi, idadi ya rola, kitasa, skrubu, ukubwa wa kioo.

Fundi mzoefu anayo makato hayo kichwani, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini siku msambazaji akileta profaili za kiwanda kingine zinazofanana kwa macho na zile za zamani, makato ya kichwani yanaanza kudanganya. Fundi huyo akihamia karakana ya jirani, anaondoka nayo. Kuyaandika makato ya kila mfumo kwenye jedwali la kompyuta, hata Excel ya kawaida, ndiyo hatua ya kwanza ya kujiendesha kwa kiwanda, na haihitaji umeme wa fazi tatu.

Namba yenyewe inatoka wapi? Inatoka kwenye boma. Hapa ndipo sisi wakufunzi tunapotumia muda mwingi kuliko kwenye kompyuta. Tundu la dirisha lililojengwa kwa tofali haliko sawa juu na chini, na mara nyingi plasta bado haijapigwa. Upana hupimwa sehemu tatu, juu, kati na chini, na kipimo kidogo kuliko vyote ndicho kinachobebwa. Urefu vivyo hivyo. Kisha pima kona kwa kona: kama mishazari miwili inatofautiana, tundu limepinda, na fremu yenye kona za nyuzi 90 itahitaji nafasi ya kucheza. Kama plasta haijapigwa, muulize mwashi atapiga unene gani, kisha andika jibu lake. Vipimo viingizwe kwenye simu palepale, kwa milimita, pamoja na picha ya tundu na namba ya chumba. Kuchanganya sentimita na milimita, au kuandika urefu mahali pa upana, ni kosa ambalo kwa mkono fundi angelishtukia akiwa na profaili begani. Mashine haishtuki. Itakata vipande 40 vya kipimo kisicho sahihi, vyote safi, vyote vikilingana.

Vipimo vikishakuwa ndani ya kompyuta, faida inayoonekana mapema kuliko zote ni kupungua kwa mabaki. Chukua mfano huu. Unahitaji vipande 6 vya milimita 2,400 na vipande 12 vya 1,150, vyote vya mkato wa nyuzi 90, na profaili zako zina urefu wa mita 6. Kila mkato, diski ya msumeno hula takriban milimita 5. Fundi anayemaliza virefu kwanza, akaweka masalio pembeni, kisha akafungua profaili mpya kwa vifupi, atatumia profaili 3 kwa vile virefu na 3 nyingine kwa vifupi. Jumla 6. Programu itaona kwamba virefu viwili na kifupi kimoja vinakaa kwenye profaili moja: 2,400 mara mbili, kuongeza 1,150, kuongeza mikato mitatu, ni 5,965. Kwa hiyo profaili 3 za mwanzo zinatoa virefu vyote pamoja na vifupi vitatu, na vifupi 9 vilivyobaki vinatoka kwenye profaili 2. Jumla 5.

Kwa kazi ndogo kama hii fundi makini angeweza kuliona hilo akikaa na kalamu. Kwa nyumba yenye madirisha 30 ya saizi tofauti, michanganyiko inakuwa mingi mno kwa kichwa cha mtu. Wanahisabati wameshughulika na tatizo hili muda mrefu. Leonid Kantorovich, wa Umoja wa Kisovyeti, alichapisha mwaka 1939 kazi yake kuhusu upangaji wa uzalishaji, ambamo ukataji wa malighafi kwa mabaki machache ni mojawapo ya matatizo aliyoyashughulikia. Mwaka 1975 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Mwaka 1961 Gilmore na Gomory walitoa njia ya kukokotoa ambayo kompyuta za siku zile ziliweza kuimudu. Programu za kukatia profaili zinazouzwa leo, na hata baadhi ya zile za bure, ni wajukuu wa kazi hizo.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe. Kwenye kiwanda kilichounganishwa, orodha ya mikato haichapishwi ili mtu aisome, inatumwa moja kwa moja kwenye msumeno wa vichwa viwili. Stopa, kizuizi kinachoweka urefu wa kipande, inajisogeza yenyewe hadi kipimo, vichwa vinajigeuza kwenye nyuzi 45 au 90, na kila kipande kikitoka kinabandikwa lebo yenye bakodi. Lebo hiyo ndiyo kitambulisho cha kipande. Kikifika kwenye mashine ya kutoboa, skana inasoma lebo, na mashine inajua: hiki ni ubavu wa kulia wa shata ya dirisha namba 14, tundu la kitasa liwe hapa. Kikiwa kipande cha chini cha fremu, matundu ya kutolea maji ya mvua yatobolewe pale. Hakuna anayeuliza "hiki ni cha wapi?", swali ambalo kwenye karakana nyingi huulizwa kutwa.

Kwa madirisha ya PVC, yaani ya plastiki, hesabu inaongezeka. Kona za PVC haziungwi kwa vipande vya kona kama aluminiamu, huyeyushwa kwa sahani yenye joto la nyuzi 240 hadi 250 hivi za Selsiasi, kisha zinasukumwa zishikane. Kila ncha hupoteza takriban milimita 3 kwenye kuyeyuka huko, kwa hiyo kila kipande lazima kikatwe kikiwa kirefu zaidi kwa milimita 6 hivi. Programu iliyopangwa kwa aluminiamu, ukiipa PVC bila kuiambia, itakupa fremu fupi kila mara. Joto la hewa nalo lina sehemu yake. Profaili ya aluminiamu ya mita 3 ikipanda joto kwa nyuzi 40, kama inavyoweza kutokea kwa rangi nyeusi juani, inarefuka karibu milimita 3. PVC hurefuka zaidi ya mara mbili ya hapo. Nafasi hiyo ya kupumua huwekwa kwenye makato ndani ya kompyuta, isiachwe kwa anayepiga silikoni.

Kioo ndicho kipimo cha kweli cha kama karakana inaziamini data zake. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi tena wala kutobolewa baada ya kutoka tanuruni, kinapasuka vipande vidogo vidogo. Karakana isiyoamini namba zake husubiri fremu ikamilike, inapima, ndipo inaagiza, na mteja anakaa na matundu yaliyozibwa kwa maturubai. Karakana yenye data safi inatuma oda ya kioo siku ileile inayoanza kukata fremu. Mimi naona siku zinazookolewa hapo ni nyingi kuliko zinazookolewa na msumeno wowote wa gharama.

Kuna data zinazorudi pia. Kila lebo inaposkaniwa, muda unabaki kwenye kumbukumbu, na baada ya wiki kadhaa utaona kazi inalala wapi. Huenda umeshakopa kwa ajili ya msumeno wa pili, kumbe vipande vinapanga foleni kwenye meza ya kuunganishia kwa sababu kona hazijaletwa kutoka stoo. Mota ya msumeno ikivuta umeme mwingi zaidi kwa profaili ileile, diski inaelekea kuwa butu. Na umeme ukikatika, programu ijue kipande cha mwisho kilikuwa kipi, isianze orodha upya. Kompyuta ya kuendeshea mashine iwe na UPS, betri ya kuishikilia umeme ukikatika, hilo si la kujadili.

Vijana wanaosoma kwetu huuliza kama kazi zao zitaliwa. Kazi ya kusoma tepu na kusogeza stopa itapungua, ndiyo. Anayejua kupima boma, kusoma katalogi na kurekebisha kanuni kwenye programu atatafutwa zaidi. Karakana inayotoa madirisha machache kwa wiki, kwa maoni yangu, haihitaji CNC hata kidogo. Inahitaji jedwali la makato, programu ya kupanga mikato, printa ndogo ya lebo, na msumeno wa kawaida ulionyooshwa vizuri.

Kwa anayefikiria kununua mashine iliyotumika kutoka nje, uliza mambo matatu kabla ya kulipa. Inapokea faili za aina gani, na je, programu yako inaweza kuzitoa? Leseni ya programu ya mashine inahamishika kwa jina lako, au imebaki kwa mwenye nayo wa kwanza? Na maktaba ya profaili iliyomo ndani ni ya mifumo inayouzwa hapa kwetu? Jibu la swali la tatu likiwa hapana, mtu atalazimika kuziingiza profaili zako moja moja, na malipo yake yawe kwenye bajeti tangu mwanzo. Dai pia nakala ya data zote kwenye diski ya nje, ihifadhiwe nje ya karakana, mbali na vumbi la aluminiamu.