Makabaila wa Bohemia na ule uongo wa dansi

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu aliyesoma vizuri tu: "Hawa makabaila wa Kicheki si walikuwa wanakula na kucheza dansi huku viwanda vinajengwa nje ya kuta zao, mpaka dunia ikawaacha?" Hapana jamani. Vingi vya viwanda hivyo vilikuwa vyao.

Kazi yangu ni kusoma madaftari ya hesabu ya mashamba makubwa ya karne ya 19 ya Bohemia, nchi ya Wacheki iliyokuwa chini ya makaisari wa Habsburg waliokaa Vienna. Dansi humo ina mistari michache. Kurasa zinajaa mbao, bia, samaki na sukari. Pale Dobrovice, kwenye ardhi ya ukoo wa Thurn-Taxis, kiwanda cha sukari ya viazisukari kilianza mwaka 1831. Akina Harrach walikuwa na kiwanda cha vioo milimani Krkonoše. Akina Salm walikuwa na chuma Blansko, upande wa Moravia, jimbo jirani. Akina Schwarzenberg walichimba mfereji tangu mwishoni mwa karne ya 18 ili magogo ya misitu ya Šumava yaelee mpaka mto Danube, kuni ziuzwe Vienna. Sawa, hawakushika sururu wenyewe. Lakini mtu anayewaza dansi tu hapangi mradi wa namna hiyo.

Halafu utaambiwa mapinduzi ya 1848 yaliwamaliza. Tarehe 7 Septemba mwaka huo kazi za lazima za wakulima zilifutwa, kweli. Ila kabaila alilipwa fidia: thamani ya kazi hizo ikapigiwa hesabu, theluthi moja ikafutwa, theluthi ikalipwa na mkulima mwenyewe, theluthi ikatoka hazina ya umma. Akabaki na misitu, mashamba aliyokuwa akiyalima mwenyewe, na sasa fedha za kununulia mashine. Katika bunge la Bohemia la mwaka 1861, viti 70 kati ya 241 vilitengewa wamiliki wa mashamba makubwa, waliokuwa na wapiga kura mamia machache tu. Kama huko ndiko kumalizwa, wengi wangetamani kumalizwa.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa. Watu wanadhani mtu akianza kuishi kwa kiwanda, basi na mwenendo wake unakuwa wa kibepari. Kwa hawa haikuwa hivyo. Sokoni walifanya biashara kama mabepari, mezani wakazidi kujifungia. Vienna, walikokwenda majira ya baridi kwa ajili ya dansi hizo mnazozisema, kulikuwa na jamii ya kwanza, ya koo za kale, na jamii ya pili, ya matajiri wapya. Mwenye benki aliyepewa cheo na Kaisari alijenga jumba lake kwenye barabara ya fahari ya Ringstrasse na bado akabaki wa jamii ya pili. Kabaila angeweza kukopa kwake asubuhi na asimwalike chakula jioni. Ili upokewe ikulu kwa haki ya kuzaliwa, ulitakiwa uonyeshe kwamba wahenga wako wote 16 wa kizazi cha nne nyuma, wa kuumeni na wa kukeni, walikuwa wa damu ya vyeo. Fedha haikununua hata mmoja wao.

Na kipimo hicho kiliwakata wao kwa wao. Bertha Kinsky alizaliwa Praha mwaka 1843 akiwa na jina kubwa kabisa la Bohemia, lakini mama yake hakuwa wa daraja hilo, tena akapoteza fedha kwenye kamari. Milango ya jamii ya kwanza haikumfungukia. Mwaka 1873 aliajiriwa na familia ya Suttner kufundisha mabinti zao. Baadaye akaolewa na kijana wa nyumba hiyo, na mwaka 1905 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Sophie Chotek alikuwa wa ukoo wa zamani ambao haungemkubali binti wa mwenye benki hivihivi. Alipoolewa na mrithi wa kiti cha Habsburg mwaka 1900, naye akaonekana hatoshi: watoto wake wakaondolewa mapema kwenye urithi wa kiti.

Na ile ngome ya Hluboká je? Jan Adolf II wa Schwarzenberg na mkewe Eleonora walirudi kutoka ziara ya Uingereza wakiwa wamevutiwa, na kuanzia 1840 hadi 1871 ngome yao hiyo ikajengwa upya kwa mtindo wa Windsor, ngome ya wafalme wa Uingereza. Watalii wanaona watu wanaoota enzi za mashujaa. Mimi naona faida za bia na sukari zikivikwa mavazi ya kale.

Uwindaji wa vuli ndio unaonitatiza. Vitabu vya kiada husema kwa uhakika kwamba ndiko kulikopangwa ndoa na kura. Daftari linaandika risasi, mvinyo na posho ya wasaka wanyama, waliyonong'onezana haliandiki. Huenda walikuwa wanawinda tu.

Wala sina jibu safi mtu akiniuliza kama walikuwa Wacheki. Wengi waliongea Kijerumani na Kifaransa, Kicheki wakakiweka kwa yaya na mtunza farasi. Kašpar Sternberg aliasisi makumbusho ya Praha mwaka 1818, na wazalendo wa Kicheki wakayafanya yao. Jamhuri mpya ya Chekoslovakia ilifuta vyeo tarehe 10 Desemba 1918, na mwaka uliofuata ikatunga sheria ya kuchukua ardhi inayozidi hekta 150 za kilimo au 250 kwa jumla. Bado Septemba 1938, Hitler alipokuwa akidai sehemu ya nchi, wajumbe wa koo hizohizo walikwenda kwa Rais Beneš kumwambia mipaka ya kale ya nchi isivunjwe. Wenzangu wanauita uzalendo. Mimi nahisi waliona kuwa mipaka hiyo ni ya ufalme wa Bohemia, na Beneš ni mpangaji wa muda tu ndani yake.

Mwaka 1947 bunge lilitunga sheria nzima ya kutwaa mali ya tawi moja la ukoo mmoja, akina Schwarzenberg wa Hluboká. Watu walioachwa na dunia kwa sababu ya dansi hawatungiwi sheria ya peke yao.