Kampuni ya nje haishitakiki kwao? Si kweli

Maneno haya utayasikia kuanzia baraza za Mji Mkongwe mpaka Wete, kwamba kampuni ya nje ikiharibu huku basi imekwisha, mahakama za kwao hazimsikilizi mtu wa huku. Si kweli jamani, na kuamini hivo ndo kunawanyamazisha watu wenye haki zao.

Tizama Zambia. Wanakijiji wa Chingola walilalamika kuwa mgodi wa shaba unachafua maji wanayokunywa na kumwagilia mashamba, na mgodi wenyewe ulikuwa chini ya Vedanta iliyosajiliwa Uingereza, wakaenda kushitaki London, kampuni ikabisha mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, na 2019 majaji wakasema kesi isikilizwe hapohapo. Ikaja kumalizwa 2021 kwa makubaliano, bila kampuni kukiri kosa.

Ufaransa wana sheria ya 2017, kampuni kubwa lazima iandike mpango wa kuzuia madhara, sio yake tu, hata ya kampuni tanzu, yaani zilizo chini yake, na wanaoiuzia bidhaa. Ilitumika kuishitaki TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, kuhusu bomba la mafuta la Uganda mpaka Tanga, hapo ng'ambo yetu tu, kesi ikakwama 2023 kwa mambo ya utaratibu. Umoja wa Ulaya nao walipitisha yao 2024, utekelezaji ukasogezwa mbele. Kwa hiyo njia ipo, ila ndefu na inachosha kweli.

Sasa dada unaelima mwani Paje au Jambiani, ili siku kampuni ya nje ikikudhulumu uwe na ushahidi, weka risiti za mzani, picha zenye tarehe, na uliza mnunuzi wa mwisho ni kampuni gani na imesajiliwa nchi gani, maana wakili ataanzia hapo.