VPN na RDP: kipi kinasafiri unapoifikia kompyuta ya ofisini ukiwa mbali

Watu wengi huyataja haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja, kisha hushangaa faili la hesabu likichukua dakika saba kufunguka. Swali la kujiuliza ni hili: data inabaki wapi?

VPN ni njia ya siri ndani ya intaneti, inayokiunganisha kifaa chako na mtandao wa ofisi. Laptopu yako, hata ikiwa Mwanza, inapewa anwani ya ndani na kuonekana kama imechomekwa kwenye ruta ya ofisi ya Dar es Salaam. Kila kinachopita kati yake na ofisi kinasimbwa njiani. Lakini programu bado inaendeshwa na laptopu yako, kwa hiyo faili lazima lisafiri hadi kwako. Faili la MB 100, yaani megabiti 800, kwenye laini inayopitisha megabiti 2 kwa sekunde, linahitaji sekunde 400 hivi. Kasi inayohesabika hapo ni ile ya ofisi kupakia, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua.

RDP, njia ya Windows ya kutumia kompyuta kwa mbali, haisafirishi faili. Inaleta picha ya skrini na kupeleka mibofyo ya kipanya na kibodi. Kazi yote inafanyika kwenye mashine ya ofisini. Ndiyo maana programu ya uhasibu yenye hifadhidata inafaa kuendeshwa kwa RDP: ukiifungua hifadhidata moja kwa moja kupitia VPN na intaneti ikakatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Kwa RDP, muunganisho ukikatika, programu inaendelea kule kule. Ukirudi unaikuta ulipoiacha.

Kwa nyaraka chache za Word au kutuma kitu kwenye printa ya ofisi, VPN peke yake inatosha.

Kosa baya kuliko yote ni kufungua poti (mlango wenye namba wa mawasiliano) 3389 ya RDP kwenye ruta ili kompyuta ifikike moja kwa moja kutoka intaneti. Poti hiyo husakwa na mashine za wavamizi usiku na mchana, zikijaribu manenosiri. Mwaka 2019 iligunduliwa kasoro ya RDP iliyoitwa BlueKeep, ambayo haikuhitaji hata nenosiri; Microsoft ililazimika kutoa kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro, mpaka kwa Windows XP, iliyokwisha kuachwa tangu 2014. Kubadilisha namba ya poti hakusaidii kitu cha maana. Weka VPN mbele, RDP ipite ndani yake, na kwenye faiawoli ya Windows (kichujio cha mawasiliano ya mtandao) ruhusu 3389 kwa anwani za VPN pekee.

Mashine ya ofisini iwe na Windows Pro au Enterprise. Home inaweza kuita wengine, ila haipokei. Washa Remote Desktop kwenye mipangilio, izuie kompyuta isilale, na kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) iagize ijiwashe umeme unaporudi, maana iliyozimika haijibu. Kisha unganisha VPN na uandike kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows: Test-NetConnection 10.37.20.15 -Port 3389, ukiweka anwani ya mashine yako. Ikijibu True, fungua mstsc, programu ya Windows ya kuunganisha RDP. Ikijibu False, usihangaike na nenosiri. Tatizo liko kwenye njia.

Mara nyingi njia hiyo huzibwa na anwani zinazogongana. Ruta ya nyumbani na ya ofisini zote hutumia 192.168.1.x, hivyo laptopu inaitafuta mashine ya ofisi sebuleni kwako. Badilisha ya ofisi, iwe kwa mfano 10.37.20.x.

Kikwazo kingine ni ruta ya laini ya simu. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo seva ya VPN iliyo ofisini haifikiki kutoka nje, hata ukifungua poti 51820 ya WireGuard, aina moja ya VPN, kwa usahihi. Omba anwani ya umma isiyobadilika, au kodi seva ndogo ya mtandaoni ambayo pande zote mbili zitaipigia. Programu za kutumia kompyuta kwa mbali kama AnyDesk na TeamViewer hufanya kazi hapo bila kugusa ruta kwa sababu hiyo hiyo: kompyuta zote mbili huanza kwa kuita seva ya kampuni. Ukizitumia bila mtu upande wa pili, weka nenosiri refu na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.