Kabla ya Kubana Kizibo: Kujaza Bia ya Nyumbani Kwenye Chupa kwa Usalama

Pombe zetu nyingi za asili, kama mbege ya Kilimanjaro na busaa ya magharibi mwa Kenya, hunywewa zikiwa bado zinachacha, na kwa kuwa chombo chake hakizibwi kabisa, gesi inayotolewa na hamira hupotea hewani bila kumdhuru mtu. Bia ya kimea cha shayiri na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) inayotengenezwa nyumbani hufuata njia nyingine. Hiyo huachwa ichachuke mpaka mwisho, kisha hufungwa ndani ya chupa pamoja na sukari kidogo, ili hamira iliyobaki itoe gesi ya kaboni dioksidi inayoipa bia povu lake. Kizibo kikishabanwa, gesi haina pa kutokea, na kila kosa la kipimo huwa presha juu ya kioo. Chupa ikipasuka hurusha vigae vinavyoweza kumtoboa mtu jicho, na kwa sababu hiyo makala haya yatakaa zaidi kwenye sukari kuliko kwenye ladha.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba uchachushaji umekwisha kweli. Watengenezaji wengi hutazama mapovu, nayo yakikoma wanaona kazi imekamilika, ilhali mapovu hukoma pia hamira inapopatwa na baridi au ndoo inapovuja kwenye mfuniko. Kifaa cha kutegemea ni hidromita, ambayo huelea ndani ya bia na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji (1.000); kadiri sukari inavyoliwa, ndivyo namba inavyoshuka. Bia iliyoanza na kipimo cha 1.048 kwa kawaida huishia karibu na 1.012, na kipimo hicho kinapaswa kubaki palepale kwa siku tatu mfululizo kabla ya kuwaza chupa. Tofauti inayoonekana ndogo ina uzito mkubwa: bia ambayo ingeshuka kutoka 1.014 hadi 1.010 bado imebeba takriban gramu 8 za sukari inayochachuka katika kila lita, na hizo ni nyingi kuliko sukari tunayoiongeza kwa makusudi.

Wakazi wa nyanda za juu, kama Njombe na Mbeya, wawe waangalifu zaidi hapa. Usiku wa baridi huilaza hamira, kipimo kikakwama kwenye 1.024 kwa siku kadhaa, na bia ikafungwa kwa kudhaniwa kuwa imetulia. Chupa hizo zikisafirishwa hadi kwenye joto la Dar es Salaam, hamira huamka na kumalizia kazi yake ndani ya kioo. Kipimo kikikwama juu ya kile kilichotarajiwa, ihamishie ndoo mahali penye nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi, itikise taratibu, kisha upime upya baada ya siku chache.

Kwa bia nyingi za kawaida, gramu 6 za sukari nyeupe kwa kila lita zinatosha, yaani gramu 120 kwa ndoo ya lita 20. Sukari hiyo ipimwe kwa mizani. Siungi mkono kabisa desturi ya kutia kijiko kimoja katika kila chupa, kwa sababu chupa ya nusu lita inahitaji gramu 3 tu, wakati kijiko cha chai hubeba gramu 4 au zaidi, na kikijazwa kwa mlima huzidisha sana. Chemsha sukari yote katika maji kidogo kwa dakika kumi, iache ipoe, imimine kwenye ndoo safi ya pili, kisha ivute bia kwa bomba la mpira juu yake, ncha ya mpira ikiwa imezama chini. Koroga polepole bila kurusha matone, maana hewa inayoingia wakati huu ndiyo inayoifanya bia baada ya wiki kadhaa kuwa na ladha ya karatasi iliyolowa.

Usafi hauna mjadala: chupa, mpira na vizibo vyote vioshwe, kisha vitiwe dawa ya kuulia vijidudu inayofaa vyombo vya chakula. Baadhi ya hamira za mwituni hula hata sukari ambazo hamira ya bia huziacha, kwa hiyo uchafu nao huongeza presha, mbali na kuharibu ladha.

Chagua chupa za bia za kioo cheusi, kwa kuwa mwanga wa jua huigeuza hopsi na kuipa bia harufu mbaya. Pitisha kidole taratibu mdomoni mwa kila chupa, na yenye mwanya au ufa itupwe. Chupa za mvinyo, za pombe kali na za juisi hazikutengenezwa kwa ajili ya presha. Jaza ukiacha nafasi ya sentimita 2.5 juu.

Kizibo cha kawaida kina kipenyo cha milimita 26 na meno 21, na ndani yake mna utando laini ambao ndio hasa unaozuia gesi. Kizibo kilichokwisha kufunguliwa kimepinda, hivyo kisirudiwe. Simamisha chupa wima, bana mikono ya mashine ya kubania vizibo kwa nguvu iliyo sawa, kisha jaribu kukizungusha kizibo kwa vidole: kikizunguka, hakijashika, na lazima kibadilishwe.

Jaza pia chupa moja ya soda ya plastiki kwa bia ileile. Ukiiminya kila siku utajua presha inavyopanda, na ikiwa ngumu kama soda mpya, nyingine nazo ziko tayari, kwa kawaida baada ya wiki mbili kwenye joto la nyuzi 18 hadi 25. Muda wote huo chupa zikae ndani ya kreti iliyofunikwa, mbali na watoto. Iwapo chupa ya plastiki itavimba mno, au moja ya kioo ikapasuka, vaa miwani ya kinga na glavu nene kabla ya kusogelea zilizobaki, zihamishie kwenye jokofu zikiwa ndani ya kreti yake, na subiri zipoe hadi ndani. Baridi huirudisha sehemu ya gesi kwenye bia na kupunguza presha. Baada ya hapo inua kila kizibo kidogo kidogo chini ya kitambaa kizito, gesi itoke, na bia hiyo isifungwe tena mpaka hidromita ithibitishe kwamba imemaliza kuchachuka.