Je, wajua kwa nini vyama vya mazingira vinagombana kuhusu pesa?

Ukisema chama cha mazingira, wengi wetu hapa Kampala tunafikiria kupanda miti, kuokota buveera, ile mifuko ya plastiki, kwenye mitaro na kufukuza watu kwenye vinamasi, basi. Alafu siku moja unafungua katiba ya chama kama hicho unakuta kwenye maadili yao ya msingi, pale pale karibu na kulinda misitu, wameweka na uchumi, ndo unashangaa, huu nao umeingiaje huku? Si ungekaa kwenye manifesto ya uchaguzi tu? Hata wao wenyewe hawajawahi kukubaliana.

Chukua Wajerumani. Chama chao cha kijani, Die Grünen, kilipoanza mwaka 1980 kilisimama na nguzo nne: ikolojia, haki ya kijamii, demokrasia inayoanzia chini kwa wananchi, na kukataa ukatili. Uchumi kwa jina haumo. Wanaharakati wa kijani wa Marekani wao walikutana St. Paul, Minnesota mwaka 1984, wakaja na maadili kumi na wakauandika kabisa, uchumi unaoshikwa na jamii yenyewe pale inapoishi. Mwaka 2001 vyama vya kijani kutoka nchi nyingi vikakaa Canberra, Australia na kupitisha mkataba wao wa dunia wenye misingi sita, uchumi tena haukupewa kichwa chake, ila ukisoma kile kipengele cha uendelevu unaukuta umekaa humo ndani umetulia, unasema dunia ina mipaka na uchumi utosheleze mahitaji ya wote, sio tamaa ya wachache. Kwa hiyo hata waliouacha nje ya mlango waliupitishia dirishani.

Wanaokataa wana hoja, tusiwadharau. Maadili ni kitu ambacho hata baada ya miaka hamsini bado unakisimamia, sasa kodi na ruzuku zinabadilika kila bajeti, utaziwekaje hapo? Na ukishataja uchumi tu chama kinapasuka, manake ndani kuna mwenye duka, kuna mjamaa, kuna mkulima, wote wanapenda msitu lakini hawapendi sera moja. Chama cha kijani cha Marekani mwaka 2016 kilienda mbali zaidi kikaandika kwamba kinakataa ubepari na pia ujamaa wa kuendeshwa na serikali, sasa hapo mtu aliyekuja kwa sababu ya mito tu anajiuliza kama bado yuko mahali pake.

Lakini mimi naona kwa Uganda huwezi kukwepa. Kumbuka msitu wa Mabira 2007. Serikali ilitaka kukata karibu hekta 7,100 za ule msitu iipe kampuni ya sukari SCOUL ipande miwa, na waliokuwa wanatetea mpango hawakusema wanachukia miti, walisema ajira, sukari, kodi. Ungewajibu na ndege na vipepeo peke yake ungeshindwa mchana kweupe. Waliopinga ilibidi nao wahesabu: mvua na maji ambayo msitu unalinda, watalii, na mbona msitu ndio utolewe wakati ufalme wa Buganda umejitolea kutoa ardhi nyingine? Aprili mwaka huo maandamano ya Kampala yaligeuka ghasia, watu wakafa, na mwishowe mpango ukasimama. Sasa chama kisichokuwa na msimamo wowote kuhusu nani anafaidika na nani analipa, siku kama hiyo kingesema nini?

Alafu kuna makaa. Mei 2023 rais alitoa amri ya kupiga marufuku ukataji miti kwa ajili ya makaa ya biashara kaskazini, na ukisikia kilio cha watu wa Acholi jinsi miti ya moyao, ile ya shea inayotoa mafuta, ilivyokuwa inaisha, unaelewa kabisa. Ila huku mjini mama anayepimia makaa kwenye kavera za elfu moja elfu mbili hakuacha kuuza, kwa sababu jirani yake ananunua ya kupikia leo tu, pesa ya mtungi wa gesi kwa mkupuo hana, na maharage kwenye sigiri lazima yaive. Umefunga mlango wa kaskazini, sawa, njaa ya moto iko pale pale Kampala, kwa hiyo magunia yanatafuta njia nyingine. Chama kikimwambia huyo mama tu kwamba makaa ni mabaya, banange, kura yake kisahau.

Na Lubigi je? Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ilibomoa nyumba za watu kwenye kinamasi hicho, na swali lililozunguka sana lilikuwa, mbona maskini tu, viwanda vilivyo kwenye vinamasi vingine vinaguswa lini? Hilo ni swali la mazingira au la pesa? Ni yote mawili.

Kwa hiyo kwangu kinachofaa kukaa kwenye maadili ni majibu ya maswali matatu hivi: mali ya asili ni ya nani, anayechafua analipa au analipiwa, na maskini anabebeshwa kiasi gani. Asilimia ya kodi ya gesi, ruzuku ya majiko, bei ya umeme, hizo peleka manifesto, baada ya miaka mitano mnabadilisha bila kugombana kuhusu imani. Na wala sio kitu kigeni hapa kwetu, Katiba ya 1995 ibara ya 237 inasema maziwa, mito, vinamasi na hifadhi za misitu serikali inavishika kwa niaba ya wananchi wote. Hapo hakuna bei wala kodi, imeandikwa mwenye mali tu, na kwenye orodha ya vyama vya Tume ya Uchaguzi kuna hadi Ecological Party of Uganda, wakitaka pa kuanzia, ibara hiyo iko wazi.